Maneno Yako Yanabaki kwa Nani? Gumzo la Ndani ya Gemu, Seva ya Nyumbani, Discord na WhatsApp

Saa mbili na nusu usiku dada yangu alinipigia simu, sauti ameishusha kama anayeogopa kusikiwa.

“Kaka, huyu mtoto kajifungia na hedifoni zake. Nasikia tu, ‘Njoo nyuma yangu, njoo nyuma yangu.’ Anaongea na nani?”

Nikamwambia huenda yuko Minecraft na binamu zake, au yuko Roblox na watu asiowajua, au wanacheza kitu kimoja huku simu ya WhatsApp iko hewani.

“Na hayo anayoyasema yanakwenda wapi?”

Hapo nilinyamaza. Nimecheza gemu za mtandaoni tangu niko chuo. Nina kikosi cha watu watano tunaokutana karibu kila Ijumaa usiku: wawili Dar, mmoja Morogoro, mmoja Mombasa, mmoja Dubai. Tumeongea maelfu ya saa, tumetaniana, tumesimuliana mambo ya nyumbani na ya kazini, na sikuwahi kujiuliza maneno hayo yanalala wapi tukishazima. Tangu usiku ule nimezipitia sehemu zote tunazoongelea, moja baada ya nyingine, na ninayoandika hapa ni kwa mzazi aliye kwenye hali ya dada yangu na kwa mchezaji aliye kwenye hali yangu.

Watu wengi wakisikia faragha huuliza swali moja tu: je, mazungumzo yamefungwa kwa kufuli? Swali zuri, lakini peke yake linapotosha. Mimi nauliza pia maneno yanabaki kwa nani baada ya mchezo, na aliye upande wa pili anaondoka akijua nini kunihusu. Na juu ya yote hayo nauliza huyo wa upande wa pili ni nani. Ukicheza na usiowajua, unataka awepo mtu anayeweza kurudi nyuma na kusikia kilichosemwa iwapo mtoto ametongozwa au ametishwa. Ukicheza na ndugu na rafiki, hutaki mtu wa namna hiyo awepo kabisa. Hakuna sehemu moja inayokupa yote mawili, ndiyo maana kulinganisha kuna maana.

Ndani ya gemu yenyewe

Nianze na jambo ambalo wachezaji wengi hawalijui. Gumzo la ndani ya gemu halijawahi kuwa chumba cha siri. Desemba 2013, nyaraka alizovujisha Edward Snowden zilionyesha kwamba mashirika ya ujasusi ya Marekani na Uingereza, NSA na GCHQ, yalikuwa yameingia kufuatilia World of Warcraft, Second Life na Xbox Live. Wewe na mimi si watu wa kufuatiliwa na majasusi, lakini yeyote mwenye mamlaka juu ya seva, yaani kompyuta inayopokea maneno na kuyagawa, ana njia: maneno yanafika kwa kampuni yakiwa yanasomeka.

Kampuni zinatofautiana katika kile zinachofanya na maneno hayo, na tofauti ni kubwa kuliko nilivyodhani.

Roblox inasoma kila kitu, na haifichi. Maandishi yote hupita kwenye kichujio kabla hayajamfikia mwenzako, na neno lisilotakiwa hugeuka kuwa alama za reli, ####. Agosti 2025 kampuni ilitangaza mfumo wake unaoitwa Sentinel, ambao hautazami neno mojamoja bali mwenendo wa mazungumzo, yaani ule ukaribu unaojengwa polepole na mtu mwenye nia mbaya kwa mtoto. Katika tangazo hilo ilitaja meseji zinazopita huko: kama bilioni 6 kwa siku. Kisha kuanzia Januari 2026 anayetaka kuchati lazima kwanza akadiriwe umri kwa kutazama kamera, au aonyeshe kitambulisho. Akishakadiriwa anawekwa na watu wa rika lake au wanaokaribiana naye. Mtoto wa chini ya miaka 9 gumzo lake limefungwa hadi mzazi aruhusu. Kampuni inasema picha ya uso hufutwa mara ukaguzi unapokwisha.

Kwa hiyo mbele ya kampuni faragha haipo kabisa, na ulinzi dhidi ya mgeni ni mzito. Ila mtoto anaombwa sura yake ili aruhusiwe kuandika “njoo huku.” Mzazi aijue bei hiyo kabla hajaielekeza simu kwenye uso wa mwanawe.

Fortnite imejengwa kwa namna nyingine. Tangu Novemba 2023, sauti ya dakika 5 za mwisho hubaki kwenye kifaa chako mwenyewe, mpya ikifuta ya zamani. Haiendi kokote mpaka mmoja wenu aripoti. Kwa walio chini ya miaka 18 utaratibu huu huwa umewashwa muda wote. Mtu mzima anaweza kuuzima kwenye gumzo la kundi lake, lakini akiingia kwenye gumzo ambalo hata mmoja ameuwasha, sauti yake inarekodiwa pamoja na ya wengine. PlayStation 5 ilitangulia na wazo hilohilo mwaka 2020: konsoli hushika dakika 5 za mwisho, na anayeripoti hukata kipande kisichozidi sekunde 40. Xbox ilifuata mwaka 2023 kwa kipande cha sekunde 60, ambacho kisipotumwa ndani ya saa 24 kinapotea.

Muundo huu naupenda kuliko wa Roblox kwa watu wa makamo yangu. Ni kama wazee waliokaa barazani. Wamesikia, lakini hawasemi mpaka waitwe. Ulinzi upo, na maneno yasiyo na kosa yanakufa yenyewe baada ya dakika chache.

Fortnite haikufika hapo kwa hiari tupu. Desemba 2022, Tume ya Biashara ya Marekani, FTC, iliibana kampuni yake, Epic Games, ikakubali kulipa dola milioni 520, kati yake milioni 275 zikiwa faini ya kuvunja sheria ya faragha ya watoto. Moja ya malalamiko ilikuwa kwamba gumzo la sauti na maandishi lilikuwa limewashwa tangu mwanzo, hata kwa watoto wanaopangwa na wageni. Kwa makubaliano yale, gumzo la watoto na vijana huanza likiwa limezimwa.

Call of Duty ndiyo iliyonifanya nifikiri sana. Agosti 2023 ilianza kutumia ToxMod ya kampuni ya Modulate, mashine inayosikiliza gumzo la sauti mechi inapoendelea, huko Amerika Kaskazini na kwa Kiingereza kwanza. Novemba mwaka huo, Modern Warfare III ilipotoka, ikaenezwa duniani isipokuwa Asia. Hapa mashine haingoji mtu aripoti. Asiyetaka kusikilizwa njia yake ni moja, azime sauti ya gemu.

Kinachonisumbua ni utani. Sisi watano tuna wa Simba na wa Yanga. Usiku wa baada ya dabi, maneno tunayotupiana yangemshtua mgeni: “leo nakuzika,” “nyie si watu,” na mengine ambayo siwezi kuyaandika hapa. Kati yetu ni mapenzi. Kipande cha sekunde 40 kikipelekwa kwa mtu asiyejua utani ni nini, ni kesi. Kwa hiyo siku za dabi hatuongei kwenye sauti ya gemu. Nalisema hili kwa dhati kwa kila kikosi cha Waswahili: lugha yenu ya ndani inaweza kuwaponza mbele ya hakimu asiyeijua.

Seva ya Minecraft uliyoiweka mwenyewe

Watu wengi hukimbilia hapa wakiamini wamefika nyumbani. Nami niliamini. Niliweka seva ya Minecraft ya Java kwenye laptop ya zamani ili wapwa na binamu wacheze likizo. Walianza sita, wakawa tisa.

Wiki moja baada ya ile simu ya dada, nikafungua folda ya logs, yaani kumbukumbu za seva, kwenye laptop ile. Sikuwahi kuifungua kabla, isipokuwa seva ilipogoma. Ndani kulikuwa na faili la kila siku, yale ya zamani yamebanwa, jina la kila moja ni tarehe. Nikafungua la Jumanne. Mistari mingi haikuwa na maana: fulani ameingia, fulani ameanguka kutoka mahali pa juu, fulani ametoka. Katikati yake kulikuwa na mstari huu, jina la mchezaji nimelitoa:

[19:42:10] [Server thread/INFO]: <…> mama anarudi saa tatu niko mwenyewe

Ni mpwa wangu, ana miaka 11. Aliuandika kwenye gumzo la wote, na kati ya wale tisa, wawili sikuwajua. Walikuwa rafiki wa rafiki, wamepewa anwani ya seva na mtu. Nilikaa na mstari ule muda mrefu. Haukuwa umevuja kwa mdukuzi. Hakuna kampuni iliyoufanyia lolote. Mtoto alisema ukweli mahali alipodhani ni nyumbani, ukabaki umeandikwa pamoja na saa na dakika.

Hivyo ndivyo seva inavyofanya kazi. Maandishi yanatoka kwenye kompyuta ya mchezaji, yanafika kwenye seva, seva inayagawa kwa wengine na kuyaandika kwenye faili. Njiani yamesimbwa, yaani yamefungwa yasisomeke, lakini kwenye seva yanasomeka, na mafaili yanakaa mpaka mwenye seva ayafute. Nakala nyingine inabaki kwenye kompyuta ya kila mchezaji, ndani ya folda ya logs ya Minecraft yake. Ukikodi seva kwa kampuni, na wao wanaweza kuyaona. Hata meseji ya faragha ya amri ya /msg haijifichi kwa mwenye seva: seva zinazotumia programu za Spigot na Paper huandika amri za wachezaji kwenye kumbukumbu, na nyongeza maarufu ya EssentialsX ina kitu cha kumruhusu msimamizi aone minong'ono ya wengine ikipita. Siri ya mtungi aijuaye kata, na kwenye seva kata ni yule aliyeiweka.

Tena seva yako si yako kabisa. Julai 2022, toleo la 1.19.1 lilileta kuripoti gumzo. Kila meseji inatiwa saini ya kidijitali inayothibitisha nani kaiandika, na mchezaji akiripoti, programu yake inatuma meseji ile pamoja na zilizoizunguka kwa Mojang, kampuni ya Minecraft inayomilikiwa na Microsoft. Hata kama seva iko chumbani kwako. Adhabu inaweza kuwa kufungiwa kucheza mtandaoni kote, hadi kwenye seva za faragha. Wachezaji walipinga sana, na wengine wakatengeneza nyongeza za kuondoa saini hizo ili ripoti isiwezekane.

Mimi sikuziweka. Kampuni haikai kusoma gumzo la seva yangu; inasoma kilichoripotiwa tu. Nikilinganisha na Roblox, hilo ni jepesi. Na iwapo mmoja wa wale wawili nisiowajua angemwandikia mtoto jambo baya, ningependa ripoti ile iwe na saini. Lakini seva ya watu wazima wanaojuana kwa miaka, ambao hawana cha kuripotiana, naelewa kabisa kwa nini wanaiondoa.

Nilichofanya ni kuwasha orodha ya walioruhusiwa, ile ya amri ya /whitelist, nikawaacha saba tu ninaowajua kwa sura. Kisha nikampigia mpwa.

“Shikamoo mjomba.”

“Marahaba. Mwanangu, Jumanne uliandika kwamba uko peke yako nyumbani.”

Kimya. Halafu, “Kumbe mjomba unasoma tunayoandika?”

Sauti yake ilinikaa moyoni kuliko ule mstari. Hakuwa ameogopa kwa kosa lake. Alikuwa ameumia kwa sababu nilijua, na yeye hakujua kwamba ninaweza kujua. Nikamwambia ndiyo, ninaweza, na kwamba nilipaswa kumwambia tangu siku ya kwanza. Kwa mtu anayefikiria kuweka seva ya familia, hili ndilo ningemsihi: waambie. Mtoto anayejua kwamba mtu mzima anaweza kusoma bado ana heshima yake, asiyejua ameviziwa.

Discord

Discord ni programu ya kuongea na kuandikiana inayopendwa na wachezaji. Kikosi chetu kiliishi huko miaka mingi, na wengi wenu mko huko. Hapa sauti na maandishi ni vitu viwili tofauti kabisa, na watu huvichanganya.

Septemba 2024, Discord ilianza kuzifunga simu za sauti na video kwa usimbaji wa mwisho hadi mwisho, kwa itifaki inayoitwa DAVE. Maana yake mnapoongea kwenye chumba cha sauti, kampuni yenyewe haiwezi kusikiliza. Ukilinganisha Call of Duty na Discord, mchezo ni uleule, watu ni walewale, lakini sauti iliyokuwa ikisikilizwa na mashine sasa haisikiki kwa yeyote asiye chumbani. Kwa watani wa Simba na Yanga hilo ni jambo kubwa.

Maandishi hayamo. Yanasomeka kwa kampuni na yanakaa. Kuna sehemu kwenye mipangilio ya kuomba nakala ya data yako yote. Niliiomba, ikaja faili iliyobanwa yenye folda ya meseji, kila chumba na folda yake. Niliona nilichokiandika nikiwa chuo, saa na dakika. Ukifuta akaunti, meseji zako kwenye vyumba vya watu hazifutiki zote pamoja nayo, hubaki bila jina lako. Na mgeni anayekaribishwa leo kwa kawaida anaweza kupanda juu na kusoma ya mwaka juzi. WhatsApp haiko hivyo: anayeingia kwenye kundi leo haoni ya jana mpaka mtu amtumie.

Kisha kuna vitambulisho. Oktoba 2025, Discord ilitangaza kwamba kampuni ya nje iliyokuwa ikisaidia kuhudumia wateja wake ilivamiwa, na picha za vitambulisho vya serikali vya watumiaji wapatao 70,000 huenda zilionekana. Hao walikuwa wametuma vitambulisho ili kuthibitisha umri. Ukisoma hilo pamoja na habari ya Roblox kuomba sura, utaelewa kwa nini naandika kwa uchungu: kila lango jipya la kulinda watoto linaacha rundo jipya la nyaraka mahali fulani.

Sifa moja Discord inastahili bila shaka. Aliye upande wa pili anaona jina ulilojipa na picha uliyochagua. Namba yako ya simu haoni. Ishike hiyo mkononi, maana tunakwenda WhatsApp.

WhatsApp

Kwa kufuli, WhatsApp inaishinda karibu kila sehemu niliyoitaja. Tangu Aprili 2016 meseji na simu zote zimesimbwa mwisho hadi mwisho, maandishi na sauti, kundi na mtu mmoja. Ukiuliza swali lile la kwanza peke yake, umemaliza: chukua WhatsApp.

Uliza sasa aliye upande wa pili anajua nini. Kikosi kinapotafuta mchezaji wa tano, mtu huweka kiungo cha kundi, na anayeingia kwa kiungo hicho anaona namba za wote. Kwetu namba si namba tu. Laini imesajiliwa kwa alama za vidole na kitambulisho cha NIDA. Mtu akifungua M-Pesa au Airtel Money, akaandika namba yako na shilingi elfu moja, kabla hajathibitisha kwa namba ya siri simu inamwonyesha jina la mwenye laini. Anaghairi, hajatuma chochote, na sasa anajua jina lako halisi. Nilijaribu kwa namba ya mtu niliyecheza naye mara mbili tu, tena kwa ruhusa yake. Ilichukua muda mfupi kuliko kumwagia chai mgeni.

Kwa mtoto inakuwa mbaya zaidi, maana laini ya mtoto imesajiliwa kwa jina la mzazi. Mgeni kwenye kundi la Free Fire anapata jina la mama. Akiwa na jina la mama na namba ya mama, anaweza kumpigia mtoto na kumwambia, “Mimi ni rafiki wa mama yako,” akalitaja jina sawasawa.

Kwa hiyo Discord na WhatsApp zimesimama kinyume. Discord inaficha wewe ni nani kwa wachezaji wenzako na inasoma unachoandika. WhatsApp haisomi unachoandika na inatoa jina lako kwa kila aliyemo. Kwa watu mnaofahamiana, ambao namba zao unazo tayari, WhatsApp haina dosari hiyo. Kwa kundi la wachezaji mliokutana mtandaoni, singeitumia hata kwa siku moja. Nimetoka kwenye makundi matatu kwa sababu hiyo.

Yapo na mambo ya kawaida ya maisha. Simu yenye RAM ya GB 2 au 3 haibebi gemu nzito na simu ya WhatsApp kwa pamoja. Gemu inajifunga katikati ya mechi, kwa hiyo vijana wengi hurudi kwenye sauti ya gemu si kwa kupenda. Na mwenzetu wa Dubai hawezi kabisa, kwa kuwa Falme za Kiarabu zimezuia simu za WhatsApp kwa miaka mingi. Meseji zinapita, sauti haipiti. Yeye huandika, sisi tunaongea, na mmoja wetu huwasomea wengine alichoandika.

Signal na Mumble, kwa kifupi

Signal, programu ya meseji na simu, ina kufuli kama ya WhatsApp, na tangu mwaka 2024 unaweza kumpa mtu jina la mtumiaji badala ya namba. Meseji zinaweza kuwekewa muda wa kujifuta. Kwa vigezo vyangu vyote ndiyo bora kwa kikosi cha watu wazima. Tatizo ni kwamba watu hawana, na kuwahamisha wenzangu wanne kulinichukua miezi miwili ya kubembeleza. Usichanganye na Telegram: makundi ya Telegram hayasimbwi mwisho hadi mwisho, ni yale mazungumzo ya siri ya watu wawili tu.

Mumble ni ya mtu anayependa kujiwekea vitu. Ni programu huria ya sauti, unaiweka kwenye kompyuta ndogo nyumbani, inakula bando kidogo, na mtu akianza kurekodi wengine wanaarifiwa. Sauti imesimbwa hadi kwenye seva, kwa hiyo mwenye seva ndiye unayemwamini. Ni habari ya kata tena.

Kibanda na sebule

Kuna sehemu ambayo hakuna kufuli linalosaidia. Kwenye kibanda cha gemu, konsoli moja ina akaunti moja inayotumiwa na vijana ishirini kwa siku. Meseji alizotumiwa wa asubuhi zinasomwa na wa jioni. Ripoti ikija inampata mwenye kibanda. Na maikrofoni iliyo wazi sebuleni hupeleka mechini kila kinachosemwa nyuma yako: ugomvi wa bei ya umeme, mama anayetaja namba kwa sauti, mtoto mdogo anayeitwa jina lake kamili. Hedifoni na kitufe cha kubonyeza ndipo uongee vimeniokoa mara nyingi kuliko usimbaji.

Ukiwa na hoja na kampuni au mwenye seva, sheria ipo. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023 chini ya Tume yake. Kenya ina ya mwaka 2019 chini ya Kamishna wa Ulinzi wa Data. Zote zinakupa haki ya kuuliza wameshika nini chako.

Ningechagua nini

Kwa watu wazima wanaojuana, Signal, na kama haiwezekani, WhatsApp. Kwa kikosi cha watu mliokutana mtandaoni, chumba cha sauti cha Discord, maandishi yawe ya kupanga muda tu, na kitambulisho usitume kama unaweza kuepuka. Ukicheza na usiowajua kabisa, baki kwenye gumzo la gemu yenyewe, na kati ya hizo ningechagua zile za Fortnite, PlayStation na Xbox, zinazoshika sauti kwenye kifaa mpaka mtu aripoti. Hapo usiseme jina, mtaa wala shule.

Kwa mtoto wa miaka 11 orodha inajifupisha yenyewe, kwa kuwa akaunti za kawaida za Discord, WhatsApp na Signal zinataka awe na angalau miaka 13. Inabaki Roblox, pamoja na macho yake yote, mzazi akiwa ameikalia mipangilio mwenyewe. Au inabaki seva ya familia, yenye orodha ya majina na mtu mzima anayesema wazi kwamba anaweza kusoma.

Dada alichagua seva. Mafaili ya logs nayafuta kila Jumapili, isipokuwa kama kuna la kushughulikia, na wazazi wote wa wale saba wanalijua hilo. Wiki iliyopita niliingia kuangalia nyumba waliyojenga kando ya mto. Mlangoni mpwa wangu ametundika kibao cha mbao, ameandika kwa herufi kubwa: MJOMBA ANAWEZA KUSOMA. KARIBUNI.